Udongo wa Mwamvua

Juzi nilikuwa napita nyuma ya nyumba ya jirani, nikasikia harufu ya makumbi ya nazi yanayoungua chini ya vyungu. Mimi sichomi tena, mikono imekataa, lakini harufu ile ilinisimamisha njiani. Nyinyi wenzangu tuliokua pamoja huku pwani mnaijua: kumbi lina moshi mzito, mtamu kidogo, na ndani ya moshi huo kuna harufu ya udongo unaotoa maji yake ya mwisho. Wengine ikiwafikia hukumbuka mama zao. Mimi hukumbuka wivu.

Maisha yangu yote watu wameniuliza ni nani aliyenifundisha kufinyanga, na siku zote nimejibu: mama. Si uongo kamili. Mama alikuwa mfinyanzi, naye ndiye aliyenitia udongo mkononi. Lakini kufundishwa ni jambo moja na kutaka ni jingine. Kutaka nilikupata kwa binti wa mjomba wangu, Mwamvua, kwa sababu alikaa mbele ya macho yangu akiwa bora kuliko mimi.

Tuliishi Kaole, mama na mimi peke yetu. Baba alitoka na msafara wa kwenda bara kufuata pembe nikiwa sijaota meno, hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari zake. Kabla yangu mama alizaa wawili, wakafa. Ndiyo maana nikaitwa Tatu. Kwa hiyo mama alikuwa wangu mzima mzima, sina wa kugawana naye, nami nilidhani ndivyo dunia ilivyopangwa.

Udongo sikuupenda. Uliniingia kwenye kucha, ukanikausha vidole mpaka vikapasuka. Mama aliponilazimisha, nilifinyanga ilimradi nimemaliza. Alikishika kile kijungu changu, akakigeuza, akakitazama chini na juu, kisha akakibonyeza kwa viganja viwili kikarudi kuwa bonge. "Anza tena," alisema. Hakuwa na neno jingine. Sikujali. Nilitoroka nikaenda kucheza kwenye makaburi ya zamani, yale yenye mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye nguzo. Nilidhani ni vyombo vya marehemu, vimewekwa pale ili wakiamka na njaa wasihangaike kutafuta.

Mwamvua aliletwa mwaka ambao mvua iligoma huko Fukayosi, kwao mama. Mjomba alikuja naye kwa miguu, siku mbili njiani, msichana mwembamba aliyenizidi kama miaka miwili, ana kitambaa kimoja na jembe dogo la kuchimbia udongo.

"Shikamoo, shangazi," akasema, akapiga goti.

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu.

Nilisikia hilo neno mwanangu, nikamtazama mama nikidhani amekosea. Hakukosea. Mjomba akasema, "Dada, huyu mikono yake imezoea udongo, bibi yake alimfundisha. Mweke mpaka mvua zirudi." Akalala usiku mmoja, akaondoka.

Kesho yake Mwamvua alifinyanga chungu chake cha kwanza pale uani kwetu. Sijasahau. Hakuwa na haraka. Aliuzungusha udongo kwa kiganja kama anayembembeleza mtoto mgonjwa, na ukuta wa chungu ukapanda mwembamba, sawasawa, bila kuyumba. Shingoni alikandamiza kipande cha ukili mbichi, kikaacha alama kama mkeka mdogo umevishwa chungu. Mama alikipokea, akakigeuza, akakitazama chini na juu. Nilisubiri akibonyeze. Mama akakichukua kwa mikono miwili akaenda kukiweka kivulini kikauke.

Kitu cha moto kilinipanda kifuani siku ile, na sijui kama kimewahi kushuka chote.

Toka hapo sikwenda tena makaburini. Nilianza kuamka mapema, nikaponda vigae vya kuchanganyia udongo, nikachekecha, nikakanda udongo mpaka mabega yakaniuma. Mama alidhani nimepata akili. Sikupata akili yoyote. Nilikuwa namtazama Mwamvua. Alivyokaa, nikakaa hivyo. Alivyolowesha vidole, nikalowesha hivyo. Nilisuka ukili wangu, nikaukandamiza shingoni kama yeye, na chungu changu kikatoka kama mtu aliyevaa nguo ya mwenzake. Mama akakishika, akakigeuza, akakibonyeza. "Anza tena." Vya Mwamvua havikuvunjwa hata kimoja. Nilihesabu kila siku, na kila siku nilizidi kuamini kwamba mama amepata mtoto aliyekuwa akimtaka, na mimi nimebaki pale kwa sababu hakuna pa kunipeleka.

Kulikuwa na jambo jingine lililonikera. Kila alfajiri Mwamvua aliamka kabla yetu, akaenda kukaa nyuma ya nyumba karibu na shimo la udongo. Nilimsikia akiimba kwa Kikwere, lugha ya kwao, polepole, sauti imebanwa. Nilidhani anauimbia udongo. Nilidhani ndiyo dawa yake, na kwamba mama anaijua na amenificha. Akirudi macho yake yalikuwa mekundu, nami nikajiambia ni moshi wa jana.

Kisha ikaja kazi kutoka mjini. Nyumba moja ya Waarabu, wafanyabiashara wakubwa, walikuwa wanaoza binti, na bibi wa nyumba akataka vyungu vinne vya mchuzi na mitungi miwili, yote mipya. Kwa mfinyanzi wa Kaole hiyo ilikuwa heshima. Vyombo vikipendwa kwenye arusi ile, nyumba nyingine za Bagamoyo zitamjua mama kwa jina.

Mama alitugawia kazi. "Mitungi nitafanya mimi. Vyungu vinne atafanya Mwamvua. Tatu, wewe utachagua udongo."

Kuchagua udongo maana yake ilikuwa kuketi na bonge, kulipitisha vidoleni kidogo kidogo, na kutoa kila kisichotakiwa: mizizi, kokoto, na hasa vipande vya makombe ya chaza. Udongo wetu wa Kaole uko karibu na pwani, una makombe yake. Mama alikuwa amenionya tangu mdogo: kipande cha kombe ndani ya chungu hakionekani kibaya. Motoni kitanyamaza. Chungu kitatoka kizuri, ukikigonga kitalia. Lakini siku mbili tatu zikipita, kombe lile litavuta unyevu, litavimba, litausukuma udongo mpaka ubanduke.

Nilichagua udongo wa mama vizuri. Wa Mwamvua nao nilianza kuuchagua vizuri. Nilikuwa nimefika katikati Mwamvua alipopita na ndoo, mama akamwambia, "Ukimaliza njoo nikusuke nywele." Nywele zangu zilikuwa timutimu. Hakuna aliyeniambia njoo.

Nilikwenda ufukoni, nikaokota makombe kiganja kizima, nikayaponda kwa jiwe mpaka yakawa punje kama za mchele uliovunjika. Nikarudi, nikayakanda ndani ya bonge la Mwamvua, nikalifunika kwa majani ya mgomba kama lilivyokuwa. Sikutetemeka. Nasema hivyo kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba mtoto alitetemeka.

Vyungu vilitoka motoni vizuri kuliko vyovyote alivyowahi kufanya. Mama alivigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, vikalia. Alicheka. "Mwanangu," akamwambia Mwamvua, "leo umenifunga mdomo." Vikabebwa mjini.

Siku ya tatu akaja mjakazi wa nyumba ile na kapu la vigae. Hakuketi. Alisema vyungu viwili vimeanza kubanduka vikiwa rafuni, cha tatu kimepasuka jikoni kikiwa na mchuzi unaochemka, na mpishi, mama mtu mzima, ameungua mguu mpaka gotini. "Bibi amesema hataki tena kuona chombo cha mkono wenu," akasema, akamwaga vigae uani, akaenda zake.

Mama aliinama akaokota kigae. Akakwangua kwa ukucha, akatoa punje nyeupe.

"Hukuupitia udongo wako kabla ya kufinyanga," akamwambia Mwamvua.

"Niliupitia, shangazi."

"Na hii ni nini?"

Mwamvua aliitazama ile punje. Kisha akaniinulia macho, akanitazama mimi. Nilijua sasa atasema.

"Labda yalinipita," akasema.

Kwangu mama aligeuka mara moja tu. "Na wewe Tatu?" Nikasema wa Mwamvua nilimwachia mwenyewe amalizie. Uongo huo ulinitoka mwepesi.

Mama angeweza kuwaambia watu ni uzembe wa nyumbani kwake, lakini jina lake lingekufa. Kwa hiyo watu walipoanza kunong'ona kwamba yule msichana wa bara ana mkono mbaya, kwamba akigusa chombo hakidumu, mama hakuwakatalia. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kukawa kama kukubali. Mjomba aliitwa kuja kumchukua mtoto. Alisimama uani, vumbi la njia miguuni, akauliza, "Dada, ni wewe unayesema mwanangu ana mkono mbaya?" Mama akatazama chini.

Mwamvua alitembea mbele ya baba yake, karibu akimbie. Nilidhani anakimbia aibu. Nilifurahi, na sitawaficha. Usiku ule nililala nimemkumbatia mama kwa nyuma. Lakini mama hakuwa yule wa zamani. Wateja walipungua, maneno nayo, na kila aliponibonyezea chungu alifanya hivyo bila hata kusema anza tena.

Miaka kidogo ikapita, ikaja vita ya Wadachi, hao Wajerumani. Nyinyi mnaikumbuka, sina haja ya kuisimulia. Mizinga ya manowari ilisikika mpaka Kaole, watu wakabeba walichoweza wakaingia bara. Mama alikuwa na sehemu moja tu ya kukimbilia. Njia nzima nilikuwa nikiomba mguu wangu uvunjike ili tusifike.

Mjomba alitupokea, maana ndugu humfukuzi katika vita. Alitupa kibanda. Lakini alimwita mama "mgeni", si "dada", na chochote alichotaka kumwambia alimtuma mkewe.

Mwamvua alikuwa amekuwa msichana mkubwa. Alinisalimia kwa adabu na kupita. Nyuma ya nyumba yao niliona vyungu vyake, kumi au zaidi, vimepinduliwa kifudifudi, mavumbi yamevifunika, nyigu wamejenga ndani. Vilikuwa vizuri mno. Mbele ya vyungu vile, nikiwa mkimbizi na njaa tumboni, nilimwonea wivu tena. Ndipo binti mmoja wa jirani aliponiambia kwa nini viko pale: hakuna anayevitaka. Maneno ya pwani yalifika Fukayosi kabla Mwamvua hajamaliza kunawa miguu. Posa ilikuja mwaka uliopita, wenye kuposa wakaisikia habari ya mkono mbaya, ikarudi.

Asubuhi ya tatu mke wa mjomba alituletea mihogo. Mama akauliza kama kuna chungu cha kuchemshia.

"Vyungu viko nyuma ya nyumba," mke wa mjomba akasema, "kama mkono wa mwanangu hauwatishi."

Mama akasita. Nadhani ilikuwa haya zaidi kuliko hofu, lakini kwa nje haya na hofu hufanana. "Nitaazima kwa jirani," akasema.

Mwamvua alikuwa anafagia uwanja. Ufagio ukasimama. Hakuinua uso, ila niliona shingo yake ilivyokaza, na mkono ulivyoshika ule ufagio.

Sikupanga lolote. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikachukua chungu kimoja, nikakung'uta nyigu, wakaniuma mara mbili, nikakiosha, nikatia maji, nikakiweka kwenye mafiga mbele yao wote. Nikasema, "Makombe niliyatia mimi."

"Umesema nini?" mama akauliza.

"Kule Kaole. Mwamvua hakukosea. Niliyaponda kwa jiwe nikayakanda ndani ya udongo wake. Hana mkono mbaya. Ni mimi."

Hakuna aliyenipiga. Heri wangenipiga. Tulikaa tukikitazama chungu kama watu wanaosubiri mgonjwa azungumze. Maji yakaanza kuchemka. Chungu kikatulia. Mama akachukua muhogo mmoja mmoja, akautia ndani. Kisha akasimama, akaenda hadi mlangoni kwa kaka yake, akaketi chini mchangani, majirani wakiona, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Ndugu yangu, mtoto wako hana mkono mbaya. Mimi ndiye niliyekuwa na ulimi mbaya. Nilijua ni maneno ya ovyo, nikayaacha yatembee ili nipone mimi."

Mjomba alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alisema, "Inuka, dada. Umekaa juani." Mama akalia pale pale.

Mwamvua alinichukua siku ile tukachimbe udongo. Nilimfuata nikijua kuna kitu kinakuja. Tulipofika bondeni alichimba kwanza, kisha akasema, "Nilijua."

"Najua ulijua. Mbona hukusema?"

"Ningesema, wewe ungepigwa, mimi ningebaki." Akakaa juu ya mpini wa jembe. "Nilikuwa nataka kurudi kwa mama yangu, Tatu. Kila alfajiri nilikuwa nakwenda kule nyuma nalia, naimba alivyokuwa akiimba yeye akitwanga. Na wewe ulikuwa unamwita mama yako hata kama huna la kumwambia. Mama! Mama! Akiitika, unasema basi. Nilikuwa nikisikia hivyo natamani nikufinye."

Miaka yote ile niliyomwonea wivu, kumbe naye alikuwa na wake.

"Kwa hiyo ulifurahi," nikasema.

"Nilifurahi mpaka nilipofika hapa. Sikujua maneno yatanifuata. Basi usidhani kwamba kwa kuwa nilifurahi, nimekusamehe. Sijakusamehe. Beba udongo."

Nikabeba.

Tulikaa Fukayosi mpaka mizinga iliponyamaza, na katika muda huo tulifinyanga pamoja, kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine na vyungu vya Mwamvua vilianza kuchukuliwa. Siku moja alikitazama changu akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Unakiona? Kimeinama upande wangu. Unafinyanga huku macho yako yako kwangu. Geuka. Nipe mgongo."

Nikageuka. Nilikuwa nimekabiliana na ukuta wa udongo na kuku mmoja. Sikuwa na wa kumwiga. Shingo ilipokuwa tayari, nilitafuta ukili nikakumbuka kwamba sina. Sikuwa na kitu chochote, kila kifaa kilibaki Kaole. Nikatumia ukucha wa kidole gumba. Nikauzamisha, nikauzamisha tena pembeni, mstari wa alama zilizopinda kama mwezi mchanga ukaizunguka shingo, halafu wa pili chini yake, umeachwa wazi kidogo mahali nilipochoka. Nilipomaliza nilikiona ni kibaya na ni changu.

Mama alikipokea, akakigeuza, akakitazama chini na juu. Akaenda kukiweka kivulini.

Nilimfuata. Nilimuuliza swali nililolibeba tangu nikiwa mtoto: mbona vyangu alivivunja vyote, na vya Mwamvua hakuvunja hata kimoja?

Alinitazama kama ananishangaa. "Chungu cha mtoto wa watu utakivunjaje?" akasema. "Wewe ni wangu."

Tulipokuwa tunafunga mizigo, mama alimwomba Mwamvua arudi nasi Kaole. Alimwomba kweli, kwa kumshika mkono. Mwamvua akajibu, "Shangazi, mama yangu yuko hapa," na mimi nilishusha pumzi, kisha nikaona haya kwa kuishusha.

Nyumba yetu ilikuwa imeungua. Tulijenga upya, tukachoma vyungu, na wanunuzi wakarudi mmoja mmoja. Siku moja akaja mwanamke kutoka mjini, akavipita vya mama, akasimama kwenye kile chenye alama za kucha. "Hiki ni cha nani?" akauliza. "Cha Tatu," mama akasema, akaendelea kukanda. Yule mwanamke akakichukua, wiki iliyofuata akaleta dada yake.

Nilitamani Mwamvua angekuwepo kuona. Si kwa upendo, tusidanganyane. Nilitaka naye anionee wivu walau siku moja. Nilifinyanga kingine, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya, nikakifunga kwa majani makavu, nikampa mchuuzi wa chumvi aliyekuwa akienda Fukayosi. Nikahesabu siku.

Mchuuzi alirudi na salamu. Mwamvua ameolewa, akasema, hajambo, wazee hawajambo. Chungu alikipokea, akakizungusha mara nyingi, akakipeleka ndani kwake mwenyewe, akakiweka karibu na kitanda kiwe cha maji ya kunywa.

"Hakusema kitu?" nikauliza.

"Alisema nikuambie shingo ni nene."

Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikaenda kuchimba udongo.